Buibui wa nyumbani Moshi: yupi wa kuogopwa, na jinsi ya kumnyima makazi

Masika yanapoelekea ukingoni, simu zetu hapa Moshi huanza kupokea picha inayozunguka mwaka hadi mwaka: buibui wa kahawia aliyekuzwa mpaka akajaa kioo chote, chini yake mkono wa mtu uliooza, na maandishi yanayodai kwamba kiumbe huyo ameingia nchini na kwamba kila anayewapenda ndugu zake asambaze onyo hilo mara moja. Buibui wa picha hiyo, kila nilipopata nafasi ya kumtazama vizuri, alikuwa Loxosceles reclusa, ambaye kwao ni majimbo ya katikati na kusini-kati mwa Marekani, na ambaye hata ndani ya Marekani yenyewe hapatikani kiasili katika sehemu kubwa ya nchi. Hakai Majengo, wala Pasua, wala Njiro kule Arusha. Hofu inayoletwa na picha hiyo ina madhara mawili: inawafanya watu wawaue buibui wanaowasaidia, na inawafanya wasimtambue yule mmoja ambaye kweli wanaishi naye.

Nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari mkoani Kilimanjaro kwa muda wa kutosha kuwafanya majirani waamini kwamba kila kiumbe mwenye miguu zaidi ya minne ni mali yangu. Huniletea buibui katika chupa za jamu na makopo ya maziwa ya unga, na swali huwa lilelile: "Shikamoo mwalimu, huyu ana sumu?" Jibu la kweli ni kwamba karibu wote wanayo. Zaidi ya spishi 50,000 za buibui zimekwisha kuelezwa na wataalamu, na isipokuwa makundi machache, kama familia ya Uloboridae ambayo haina tezi za sumu kabisa, wote huitumia kuulia mawindo yao. Swali lenye faida ni jingine: je, meno yake yanaweza kupenya ngozi ya binadamu, sumu yake hufanya nini ndani ya mwili mkubwa kama wetu, na je, anaishi mahali ambapo mkono wangu hufika kabla ya macho? Sehemu hii ya tatu ndiyo ninayotaka kuikazia, kwa sababu buibui hamfuati mtu. Hanywi damu ya binadamu, hana faida yoyote ya kutuuma, na huuma anapobanwa: mguu ukiingia katika kiatu alimolala, paja likimgandamiza chini ya ukingo wa kiti, kiganja kikinyanyua ndoo bila kuangalia upande wa chini.

Kwa kipimo hicho, buibui ambaye kila mwenye nyumba katika ukanda wetu anapaswa kumfahamu ni mjane wa kahawia, ambaye jina lake la kisayansi ni Latrodectus geometricus. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1841 kutoka Amerika ya Kusini, lakini amekuwepo Afrika tangu zamani kiasi kwamba asili yake bado inabishaniwa, na leo ameenea katika nchi za joto duniani kote kwa sababu anapenda sana vitu vilivyotengenezwa na binadamu. Ni ndugu wa wajane weusi wanaosifika kwa sumu kali, na sumu yake ni ya aina ileile, inayoshambulia mahali mishipa ya fahamu inapokutana na misuli. Jike ndiye wa kuangaliwa, maana dume ni mdogo sana. Mwili wa jike una urefu wa takriban sentimita moja bila kuhesabu miguu, tumbo lake limeviringana, na rangi yake hubadilika mno kutoka mmoja hadi mwingine, kuanzia kijivu cheupe chenye madoa hadi kahawia inayokaribia weusi. Kwa sababu hiyo nimeacha kuwafundisha watu kumtambua kwa rangi ya mgongo. Ninawaambia watazame miguu, ambayo huwa na pete nyeusi kwenye viungo, kisha watazame tumbo upande wa chini, ambako kuna alama ya rangi ya chungwa yenye umbo la saa ya mchanga. Upande huo si mgumu kuuona, kwa kuwa mwenyewe hukaa akining'inia kichwachini katika utando wake, tumbo likielekea juu.

Lakini kuna ishara iliyo bora kuliko buibui mwenyewe, kwa kuwa haikimbii wala haijifichi, nayo ni kifuko cha mayai. Buibui wengi hutengeneza vifuko laini. Mjane wa kahawia hutengeneza kifuko cha mviringo, cheupe kinachoelekea umanjano, chenye miba midogo ya hariri pande zote, kama tunda changa la mbarika lililonyauka rangi. Mtu akishakiona mara moja hatakisahau, na akikiona chini ya kiti cha plastiki au nyuma ya pipa la maji hahitaji mwalimu wa baiolojia kumwambia ni nani anayeishi hapo. Utando nao unasaidia: si ule wa duara uliopangika unaouona asubuhi kati ya migomba, bali ni nyuzi zilizokwenda ovyo, imara kuliko unavyotarajia, ambazo ukizivuta kwa kijiti unasikia zinakatika kwa mlio mdogo.

Ukitaka kumtafuta, usianzie chumbani. Anza na varanda. Geuza viti vya plastiki, hasa vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka siku ya msiba au kipaimara. Tazama chini ya mdomo wa ndoo na beseni, chini ya vyungu vya maua, ndani ya matundu ya matofali ya bloku yaliyobaki baada ya ujenzi, kwenye pembe ya chini ya geti la chuma, katika banda la kuku, na katika choo cha nje, ambako pembe za mlango na upande wa chini wa kikalio, kama kipo, humpa giza analolipenda na nzi wa kutosha. Baiskeli ya mtoto iliyoegeshwa ukutani tangu likizo iliyopita ni nyumba nzuri sana kwake. Kwa uzoefu wangu anaonekana zaidi hapa mjini Moshi na maeneo ya chini yenye joto kuliko juu Kibosho au Machame, lakini hilo ni jicho la mwalimu, si sensa.

Ni hatari kiasi gani? Daktari G. J. Müller wa hospitali ya Tygerberg, Cape Town, alichapisha mwaka 1993 mfululizo wa wagonjwa 45 walioumwa na buibui wa kundi hili nchini Afrika Kusini: 30 na wajane weusi na 15 na wa kahawia. Tofauti ilikuwa wazi. Walioumwa na weusi walipata maumivu makali ya misuli mwili mzima, jasho na tumbo kukakamaa, ilhali wale wa kahawia kwa kawaida walipata maumivu na wekundu pale pale walipoumwa, na yakapungua yenyewe. Kwa hiyo huyu wetu si wa kumfanya mtu akose usingizi. Ni wa kuheshimiwa, hasa penye watoto wadogo, kwa kuwa kiasi kilekile cha sumu katika mwili wa kilo kumi si sawa na katika mwili wa kilo sabini.

Wapo wengine wa kutajwa, ingawa kwa ufupi. Buibui wa jamii ya Cheiracanthium ni wa manjano iliyopauka, mwenye sehemu za mdomo nyeusi na miguu ya mbele mirefu. Hatandi utando wa kunasia, bali hufuma kifuko kidogo cha hariri katika mkunjo wa pazia au pale ukuta unapokutana na dari, hulala humo mchana na kutembea usiku, na ndiyo maana huweza kumuuma mtu kitandani. Maumivu yake huchoma, lakini sifa aliyopewa ya kuozesha nyama ina msingi dhaifu: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, uliohusu watu wa Marekani na Australia ambao buibui aliyewauma alikamatwa na kutambuliwa, haukukuta kidonda kilichooza hata kimoja. Jamii ya Loxosceles, ile ya picha ya simu, ina spishi zake hapa Afrika Mashariki pia, ila ni wenye haya kupindukia, wanaishi chini ya mawe na katika vifusi, na hutambulikana kwa macho sita yaliyopangwa mawili mawili, jambo ambalo hakuna mtu wa kawaida atakayelihakikisha bila lenzi. Na katika nyika kavu za kusini mwa mji na kuelekea Mererani wapo buibui wakubwa wenye manyoya, wanaoishi katika mashimo yaliyotandikwa hariri ardhini. Hao wana meno marefu, wakichokozwa huinua miguu ya mbele kama onyo, na wakiuma maumivu ni makali na misuli huweza kukaza, lakini hawaui, na ni nadra sana kuingia nyumbani isipokuwa dume anapotangatanga kutafuta jike. Ukweli ni kwamba kwa anayeishi katika ukanda huo mkavu, nge wanastahili kuangaliwa kuliko buibui yeyote.

Sasa niwatetee wasio na hatia, maana hao ndio wanaolipa gharama ya picha zile. Yule buibui bapa anayeganda ukutani nyuma ya kalenda na kupotea kwa kasi unapoiondoa ni wa jamii ya Selenops. Anatisha kwa mwendo wake, lakini kazi yake ni kula mende wadogo na wadudu wengine wa usiku. Yule mwenye miguu mirefu myembamba anayetikisika katika utando wake kwenye pembe ya dari, na ambaye wengine husema sumu yake ni kali kuliko zote duniani ila meno yake ni mafupi, hana lolote katika hayo mawili. Huyu hula mpaka buibui wenzake, wakiwemo wajane. Na wale wadogo warukaji wenye macho makubwa wanaokugeukia unapowatazama ni baraka tupu. Kuna mmoja wao, Evarcha culicivora, anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya na Uganda, ambaye utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba, akipewa nafasi ya kuchagua, humchagua mbu aliyeshiba damu, na utafiti mwingine wa mwaka 2006 ukaonyesha kwamba katika mbu huwapendelea Anopheles, wale wanaoeneza malaria. Hatujapewa huyo hapa chini ya mlima, nami namwonea wivu mtu wa Mbita, kule Kenya kando ya ziwa hilo, lakini warukaji wetu nao hawadharau mbu. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima wa Kiislamu, haui buibui nyumbani mwake kwa heshima ya yule aliyetanda utando kwenye mlango wa pango alimojificha Mtume. Humtoa nje kwa bakuli na kipande cha boksi. Sijui nyumba yenye mbu wachache kuliko yake katika mtaa wetu, ingawa sitadai kwamba sababu ni hiyo peke yake.

Nifike kwenye sehemu ambayo kwangu ni nzito kuliko utambuzi wenyewe. Watu wengi wanaokuja na kidonda wakisema "nimekojolewa na buibui" au "buibui kanipitia usiku" hawajaguswa na buibui hata kidogo. Buibui hana mkojo wa kuunguza. Kinyesi chake ni ute mweupe ambao kwa sehemu kubwa ni guanini, kitu kisichodhuru ngozi. Mwaka 2001, katika nyumba moja huko Kansas, Marekani, watafiti na wenye nyumba walikusanya buibui 2,055 wa aina ileile ya picha ya simu ndani ya miezi sita. Familia ilikuwa imeishi humo kwa miaka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameumwa. Nikilifikiria hilo huona ugumu kuamini kwamba buibui mmoja asiyeonekana amempitia mtu wa Soweto au Rau hapa Moshi usiku mmoja na kumwachia malengelenge ubavuni.

Malengelenge hayo ni ya nini, basi? Yakiwa yamejipanga upande mmoja wa mwili, kutoka mgongoni kuzunguka hadi kifuani au tumboni, na yakitanguliwa na maumivu ya kuchoma kabla ngozi haijabadilika, huo karibu kila mara ni mkanda wa jeshi. Ni virusi vya tetekuwanga vilivyolala katika mishipa ya fahamu na kuamka kinga ya mwili iliposhuka, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Kila siku inayopotea mtu akipakwa majivu na mkaa kwa sababu ya buibui wa kusadikika ni siku iliyoibwa kutoka katika saa hizo. Ikiwa ni mstari mwekundu uliovimba shingoni au mkononi, unaowaka na kutoa malengelenge siku moja au mbili baada ya kuguswa, hasa kipindi cha mvua na kwa mtu aliyelala au kusoma karibu na taa, mtuhumiwa ni mdudu mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi ambaye wengi wanamjua kwa jina la Nairobi fly. Huyu haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo katika maji ya mwili wake, na humwagika pale tunapompiga kofi, kwa hiyo mpulize atoke, usimponde, kisha osha ngozi kwa sabuni. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 zilimleta kwa wingi mno nchini Kenya. Vidoti vingi vinavyowasha, vilivyojipanga mstari mmoja, ni kunguni au viroboto, kwa kuwa buibui akiuma huuma mara moja na kutafuta njia ya kutoroka.

Na kuna kidonda kimoja ambacho katika mikoa yetu ya Kilimanjaro na Arusha hakitakiwi kusingiziwa buibui kamwe: kile kinachoanza kama kipele, kikavimba sana pembeni, kisha kikapata gaga jeusi katikati bila kuuma. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Ugonjwa huo uko katika mifugo na wanyamapori wa kaskazini mwa Tanzania, na humpata mtu kwa kuchuna, kukata au kubeba nyama na ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Hata New York, mwaka 2001, mtoto mchanga wa miezi saba aliyepata kimeta cha ngozi alidhaniwa kwanza kuwa ameumwa na buibui, na hapo palikuwa na hospitali kubwa na madaktari wa kutosha. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye kidonda cha namna hiyo si kama ameona buibui, bali ni kama ndani ya siku chache zilizopita ameshika kibudu. Kimeta cha ngozi hutibika kwa antibiotiki kikiwahiwa.

Baada ya hayo, kinga. Kanuni nimekwisha kuitaja: buibui hatari ni yule aliye mahali ambapo mkono hutangulia macho, na kwa hiyo kazi yote ni kupunguza mahali pa namna hiyo na kuubadilisha mkono tabia. Rundo la kuni lisiegemee ukuta wa jikoni. Liinuliwe juu ya mawe na lisogezwe mbali, na anayekwenda kuchukua kuni alfajiri abebe tochi. Mabati, mbao na matofali yaliyobaki ama yatumike ama yauzwe, maana kila fundi anayekuambia "acha, yatatusaidia" anakuachia hoteli ya buibui na nyoka. Migomba na maua yanayogusa ukuta yapunguzwe hata kama bibi atanung'unika. Mabuti ya mvua yatundikwe yakiangalia chini, na kila kiatu kilicholala nje kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulifundishwa kwa wiki moja akalishika maisha yake yote. Glavu za bustani ni za kuvaliwa, na za kukung'utwa vilevile. Magunia ya mahindi na masanduku ya nguo katika stoo yafungwe vizuri, na anayefungua boksi lililokaa muda mrefu alitoe kwanza nje kwenye mwanga.

Ndani ya nyumba, chakula ndicho kinachowaita. Taa nyeupe kali inayowaka usiku kucha mlangoni huvuta kumbikumbi na nondo, nao huvuta buibui. Taa ya rangi ya manjano huvuta wadudu wachache zaidi, na taa iliyozimwa haivuti yeyote. Nyavu za madirisha zishonwe zilipotoboka. Uwazi chini ya mlango uzibwe kwa kipande cha mpira, na nyufa za ukuta na mahali bomba linapopenya zijazwe saruji. Kitanda kisiguse ukuta, shuka zisiburute sakafuni, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kazi tunayoisifu kwa ajili ya mbu inazuia pia yule wa manjano anayetembea usiku.

Kuhusu kufagia tando, ninatofautiana na wale wanaotaka dari liwe tupu kabisa. Pembe za juu zisizoguswa na mtu mimi huziacha mpaka siku ya usafi mkubwa. Chini ya viti, meza na mapipa ndiko kunakohitaji fagio, na huko si utando tu unaoondolewa: kila kifuko chenye miba lazima kipondwe au kichomwe moto, kwa sababu kimoja kinaweza kubeba mayai zaidi ya mia, na kukitupa jalalani ni kukihamisha tu. Tumia fagio lenye mpini mrefu, funga mikono ya shati, na uifanye kazi hiyo mchana.

Dawa ya kupulizia ni jambo ambalo watu hulikimbilia kwanza, na mimi ningeliweka mwisho. Nyingi za madukani zina kemikali zilizoigwa kutoka sumu ya pareto, ua linalolimwa katika nyanda za juu za nchi yetu. Zikimpata buibui moja kwa moja humuua. Lakini buibui hutembea kwa ncha za miguu na hukaa juu ya nyuzi zake mwenyewe, kwa hiyo dawa iliyokauka ukutani humgusa kidogo sana kuliko inavyomgusa mende anayeburuta tumbo. Kibaya kuliko hicho ni mtu kuchukua dawa ya kahawa au ya nyanya iliyobaki shambani na kuipulizia chumbani wanamolala watoto. Hilo nimelishuhudia, na sina lugha ya upole kwalo: dawa ya shambani ina sumu ya hakika kwa mtoto wako, wakati buibui ana sumu ya kudhaniwa. Ukilazimika kununua, nunua iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyorithi mwaka 2020 majukumu ya iliyokuwa TPRI pale Ngaramtoni, Arusha, na usome lebo. Wanaoshauri maganda ya limau hawana hatari, ila hawana msaada pia. Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2018, ambayo yalimhusisha huyuhuyu mjane wa kahawia, mafuta ya limau hayakumfukuza, ingawa mafuta ya mnanaa yalionyesha nguvu kiasi. Fagio bado ni rahisi kuliko mnanaa.

Mtu akiumwa licha ya yote hayo, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, liwekewe barafu iliyofungwa katika kitambaa, na maumivu yatulizwe kwa paracetamol. Lisichanjwe kwa wembe, lisinyonywe, lisifungwe kamba, lisiwekewe jiwe la nyoka wala mafuta ya taa. Buibui akamatwe kama inawezekana bila kuhatarisha mwingine, hata akiwa amepondwa, atiwe katika chupa na kwenda naye, kwa kuwa daktari anayemwona mtuhumiwa huamua haraka kuliko anayesimuliwa. Mgonjwa aangaliwe kwa saa kadhaa. Maumivu yakianza kupanda kuelekea kwapani au kinenani, tumbo likikakamaa, jasho likimtoka, akitapika au akipata shida ya kupumua, apelekwe hospitali bila kungoja kupambazuke. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wapelekwe hata dalili zikiwa ndogo. Dawa ya kupunguza nguvu za sumu ya wajane weusi hutengenezwa Afrika Kusini, lakini kwa aliyeumwa na wa kahawia tiba ya kawaida ni kutuliza maumivu na kumfuatilia, pamoja na kuhakikisha amepata chanjo ya pepopunda.

Na kidonda chochote ambacho kimekaa wiki mbili bila kuonyesha dalili ya kupona, awe ametajwa buibui au hakutajwa, kionwe na wataalamu wa ngozi. Sisi wa Moshi tuna bahati katika hilo, kwani pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na wanaokuja kusoma hapo hutoka nchi nyingi za Afrika. Ukienda, waeleze kazi unayofanya, mifugo unayofuga, nyama uliyoichuna na mahali unapolala, kabla ya kuwaambia unachodhani kilikuuma.